Madam wa Kemia na Mstari Ulionyooka Mno

Mara ya kwanza kumwona Madam wa Kemia akilia, alikuwa akilia kwa sababu yangu, na kosa langu lilikuwa kupata jibu sahihi.

Nilikuwa kidato cha pili, katika shule ya wasichana isiyo mbali na Rodi Kopany. Tulikuwa tumepewa asidi kwenye bureti na alkali kwenye chupa, tupime asidi inayohitajika mpaka rangi ibadilike. Jaribio hilo hurudiwa mara tatu. Mimi nililifanya mara moja, kisha nikaandika tarakimu ileile mara tatu, maana kengele ya chakula ilikuwa karibu na jibu la kitabuni nilikuwa nalijua. Madam akapita katikati ya meza, akachukua daftari langu, akasoma. Nilisubiri sifa. Akaniangalia kama mtu aliyefunua blanketi akakuta nyoka.

"Atieno, hii umepima?"

"Ndiyo, Madam."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Akalifunga daftari taratibu, akaliweka mezani, akatoka nje. Tulimwona kupitia dirishani amesimama kando ya tangi la maji, anajipangusa macho kwa ukosi wa koti lake jeupe. Kukemewa tulikuwa tumekuzoea, na adhabu ya kufyeka nyasi tuliijua vizuri, lakini hakuna aliyewahi kutuambia la kufanya mwalimu anapolia.

Aliporudi alisema neno moja tu: "Rudia." Akakaa nami kipindi chote cha chakula, yeye pia bila kula, mpaka nikapata tarakimu tatu zilizotofautiana kidogo kidogo. Akazisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hizi ndizo zako," alisema. "Zile nyingine ulimkopi mwandishi wa kitabu."

Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi na mitano baada ya siku hiyo, na sikumbuki mwaka hata mmoja ambao hakunishtua.

Kwa mfano, mwanamke huyo aliyetufundisha habari za umeme aliogopa stima kuliko mtoto. Soketi ya maabara hakuigusa hata siku moja. Alikuwa akisema, "Nani ana viatu vya mpira?" na msichana mmoja alitoka mbele kumchomekea mashine, yeye akiwa amerudi nyuma hatua nne, mikono kifuani. Nyumba za walimu zilipounganishwa na umeme, wenzake walinunua redio kubwa na pasi. Yeye aliendelea na taa ya mafuta mwaka mzima. Tulimcheka waziwazi, na hakukasirika.

"Elektroni mimi nazijua," alituambia. "Nyinyi hamzijui, ndiyo maana hamna wasiwasi."

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyomlazimu kila mtu kukaa kimya ili asikie. Alikula samaki kwa mikono miwili bila kuacha hata jicho, kisha akanawa kama daktari anayekwenda kupasua mtu, mpaka viwiko. Mtu akimwambia "karibu nusu saa," aliuliza ni dakika ngapi. Ukimwambia watu wengi walikuja mazishini, aliuliza ulihesabu au ulikadiria. Wazazi wengine walimwogopa. Mama yangu, aliyeuza mboga Kosele na kumwona mara mbili tu maishani, alisema kwamba kuzungumza na yule mwalimu ni kama kusimama mbele ya hakimu ambaye anakupenda.

Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakuwasha moto, hakusahihisha madaftari, hakugusa hata chaki. Lakini hata kanisani hakuweza kujizuia. Siku moja alisimama kutoa shukrani. Kulikuwa na ukame, na mvua ilikuwa imenyesha juma hilo. Akasema Bwana amemjazia tangi lake la maji mpaka juu kabisa. Watu wakaitikia "Amina", akakaa. Wimbo ukaanza. Katikati ya ubeti wa pili, akasimama tena. Kwaya ikafifia, sauti moja baada ya nyingine.

"Ndugu zangu, mnisamehe," alisema. "Halikujaa. Lilifika robo tatu. Nilisema limejaa kwa sababu ilisikika vizuri."

Mzee wa kanisa alibaki mdomo wazi. Mwanamke aliyeketi kando yangu alinong'ona, "Yawa! Robo tatu nayo si baraka?" Nusu ya kanisa ilikuwa ikijikaza isicheke. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilimwona Madam alivyolishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Hakuwa akitania. Yale maneno matatu, "mpaka juu kabisa", yalikuwa yamemsumbua tangu alipoketi.

Darasani alikuwa na tabia ya kuacha mtaala ghafla, na hapo ndipo wengi wetu tulipompenda. Siku moja baada ya mvua kubwa alituuliza tulikula nini mchana. Ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, tukajibu.

"Basi elektroni za ile omena ziko safarini ndani yenu sasa hivi," alisema. "Zinatoka kwenye chakula, zinaelekea kwenye hewa mnayovuta. Zikisimama, mnakufa kabla sijamaliza sentensi. Na zinapita ndani ya nini? Hamna waya tumboni. Zinapita ndani ya protini."

Kuna msichana aliyejishika tumbo. Hakuna aliyecheka.

Alitueleza kwamba protini ni mnyororo, kila pete ya mnyororo ni asidi amino, na kipande kifupi cha mnyororo huo huitwa peptidi. Kisha, bila kusema tunakwenda wapi, akatutoa nje mpaka kwenye mtaro ulio nyuma ya jikoni. Maji ya mvua yalikuwa yakipita kwa kasi. Mahali pembamba alituambia turuke. Tukaruka, wote, sketi mkononi.

"Njiani mlikanyaga wapi?"

"Hatukukanyaga, Madam."

"Elektroni kwenye peptidi fupi iko hivyo. Ilikuwa huku, sasa iko kule. Katikati haikukanyaga popote. Na ukirefusha mnyororo kidogo tu, nafasi ya kuvuka inapungua vibaya sana. Haya, twende kule."

Akatupeleka mahali mtaro ulipopanuka kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kuruka. Lakini palikuwa na mawe matatu katikati ya maji. Akatuambia tuvuke kwa kukanyaga mawe, mmoja mmoja. Pete nyingine za mnyororo, alisema, ni kama yale mawe: elektroni inatua hapo, inapumzika, inaruka tena. Ndiyo maana mnyororo mrefu haukatishi tamaa kama ambavyo ungefanya kwa kutegemea kuruka mara moja. Wakati huohuo msichana mmoja aliteleza kwenye jiwe la pili akaanguka majini mpaka kiunoni, na mwalimu mkuu akatokea mlango wa jikoni.

"Madam, hii ni kemia gani?"

"Hii ni elektroni iliyopotea njiani," alijibu bila kugeuka. "Nayo hutokea. Mwandikeni."

Tukamwandika. Katika daftari langu la kidato cha pili kuna sentensi inayosema kwamba kati ya waliojaribu kuvuka, mmoja alianguka. Alisisitiza tumhesabu naye.

Nilimuuliza siku hiyo watu wanataka nini na habari kama hizo. Akasema kuna wanaotaka kutengeneza vifaa vya umeme vyenye nyaya za ukubwa wa molekuli moja, na kwamba peptidi zinawavutia kwa sababu unaweza kuzipanga pete upendavyo, kama ushanga. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kukaa mwilini kikapima ugonjwa, kisha kikaoza kama chakula. Nikauliza amejuaje. Akaanza kukusanya madaftari.

Ukali wake ulimgharimu. Nilipokuwa kidato cha nne, matokeo ya kemia ya vitendo katika mtihani wa majaribio yalikuwa mabaya, na aliombwa ayatengeneze kidogo kabla hayajapelekwa kwa wakubwa. Alikataa. Akaombwa tena mbele ya walimu wenzake. Alisema angeweza kutufundisha upya, usiku na mchana, lakini tarakimu tulizozipata zimeshapatikana. Muhula uliofuata alihamishiwa shule moja upande wa Migori. Tulilia langoni. Yeye hakulia. Alitupungia mkono akiwa ameketi nyuma ya pikipiki, sanduku la vitabu mapajani, amevaa kofia mbili za baridi, moja juu ya nyingine.

Sasa nifike kwenye ile habari iliyobadilisha maisha yangu.

Rodi Kopany nzima ilijua kwamba Madam alikuwa amesoma ng'ambo. Ilijulikana pia kwamba alikaribia kupata shahada ya uzamifu, kisha akarudi ghafla bila kuimaliza. Kwa nini? Kila mtu alikuwa na jibu moja. Mwuza nyanya mmoja sokoni alinieleza nikiwa bado msichana wa sare: "Huyo wazungu walimwibia kazi yake. Aligundua kitu, wakachukua, wakamfukuza. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungerudi nyumbani ufundishe watoto." Walimu walisema hivyohivyo. Mama yangu pia. Na mtu akilitaja mbele yake, Madam aliangalia chini, nasi tukaona huzuni ya mtu aliyedhulumiwa.

Niliiamini habari ile kwa moyo wote. Nilisoma kemia kwa sababu yake, na nilipopata nafasi ya kusomea uzamifu katika nchi ya baridi, nikachagua somo lilelile: jinsi elektroni zinavyosafiri ndani ya peptidi. Watu wengine huenda ng'ambo kutafuta maisha. Mimi nilikuwa nimekwenda kulipiza kisasi.

Miezi ya kwanza tu nikaikuta maktabani. Makala ya zamani, kurasa chache, jina la profesa mmoja na jina la Madam. Nilisimama palepale kati ya rafu nikaisoma. Walikuwa wamepaka tabaka jembamba la peptidi juu ya sahani za dhahabu, mnyororo mfupi, kisha mrefu zaidi, kisha mrefu zaidi, wakapima umeme unaovuka. Mwanzoni umeme ulishuka haraka, kama wote walivyotarajia. Lakini kwenye minyororo mirefu ulishuka polepole, pointi zote zikikaa kwenye mstari ulionyooka kama uzi wa fundi. Yale mawe ya mtaroni! Aliyaona zamani zile, watu wengine wakaja kuthibitisha baadaye kwa vyombo bora zaidi, na yeye alikuwa Rodi, akiwaomba wasichana wenye viatu vya mpira wamchomekee mashine. Nililia kwa hasira.

Kazi yangu mwenyewe ilikuwa ndogo zaidi kwa kimo. Tunashusha ncha ya dhahabu mpaka iguse sahani ya dhahabu, kisha tunaivuta juu taratibu. Zinapoachana, mara nyingine peptidi moja hubaki imeshika huku na kule, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho umeme unapita ndani ya molekuli hiyo moja. Kompyuta inachora mchirizi. Tunarudia maelfu ya mara. Mara nyingi hakuna kilichoshika na mchirizi ni mtupu. Mingine ni mchafu, huwezi kusema ni nini. Ukiijumlisha yote unapata grafu yenye vilima, na yangu ilikuwa na vilima viwili: kimoja cha peptidi iliyonyooka, na kingine cha juu zaidi, cha peptidi iliyojikunja. Ile iliyojikunja ilipitisha umeme vizuri zaidi. Msimamizi wangu alifurahi. Tukaandika makala, nikapangiwa kuisoma mbele ya wataalamu. Ukurasa wa mwisho niliandika kwamba kazi hii ni kwa heshima ya mwalimu wangu, ambaye kazi yake haikulindwa.

Agosti iliyofuata nikaja nyumbani. Siku ya pili tu nikaenda Migori.

Alikuwa amestaafu, anaishi nje kidogo ya barabara ya Awendo, nyumba ya bati iliyozungukwa na miwa ya watu. Nilimkuta barazani anachambua maharagwe kwenye ungo. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Nilipiga magoti kumsalimu, akanivuta mkono.

"Bed piny," alisema, kaa chini. "Umenona. Baridi imekupenda."

Nikatoa sukari na majani chai, kisha kabla hata chai haijachemka nikatoa kompyuta yangu. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi mno.

"Madam, ulikuwa sahihi."

"Kuhusu nini?"

"Mstari wako. Minyororo mirefu. Niliisoma makala. Watu wamepima upya, hapa na pale, na wameona ulichokiona. Na hii yangu hapa, ona."

Akafuta mikono kwenye leso, akavaa miwani, akaisogelea ile grafu. Aliiangalia kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusikia trekta la miwa likipita barabarani, likaja, likaisha.

"Hii ni michirizi yote?" aliuliza.

"Tuliondoa mitupu."

"Na michafu?"

"Mingine."

"Nani aliamua huu ni mchafu na huu ni msafi?"

"Mimi."

"Uliweka sheria kabla hujaiona, ama uliiangalia kwanza?"

Mtu niliyetaka kumlipizia kisasi alikuwa akinihoji kama mwizi.

"Niliweka sheria kabla," nilisema.

Akavua miwani. Hakuniambia kwamba nadanganya. Alisema tu, kwa ile sauti yake ndogo, "Mimi niliangalia kwanza."

Sikuelewa. Akaendelea, macho kwenye ungo.

"Zile sahani za minyororo mirefu, zilikuwa nyingi kuliko zilizo kwenye makala. Nyingine zilikataa kukaa kwenye mstari. Nilijiambia zimechafuka. Labda kweli zilichafuka. Lakini sikuwa nimepima uchafu, nyathina, mwanangu. Nilipima mstari. Iliyokaa karibu na mstari niliita safi. Iliyokaa mbali nikaiweka kabatini. Profesa alipoona grafu alinipongeza mbele ya kila mtu, wakapiga makofi. Miezi miwili kabla ya kuitetea kazi yangu nikasema mama ni mgonjwa. Mama alikuwa mzima, anapalilia. Nikarudi nyumbani."

Nilimwangalia kana kwamba mtu mwingine ameketi kwenye kiti chake.

"Hawakukuibia?"

"Nani aniibie? Nini?"

"Lakini Rodi wote..." Sauti ilinitoka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Madam, watu wote! Mama yangu! Mimi nimesoma miaka yote hii kwa sababu uliibiwa!"

"Najua." Alikuwa amekunja leso mara nne, anaikunja ya tano. "Mara ya kwanza waliposema, sikuwepo. Mara ya pili nilikuwepo, nikanyamaza. Baada ya hapo ningeanza wapi? Nilikuwa nasahihisha tangi la maji, Atieno. Hili sikuweza."

Nikasimama. Nilitaka kuondoka na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata kimoja. Mwishowe nikasema lile lililobaki, kwa ukaidi wa mtoto:

"Lakini wamethibitisha. Ulikuwa sahihi."

"Sikuwa sahihi," alisema. "Nilibahatisha."

Kisha akainuka kwenda kuepua chai, na akiwa mlangoni, bila kunigeukia, akauliza: "Na wewe, uliondoa michirizi mingapi?"

Hapo ndipo nilipoketi tena. Nikamwambia ukweli: kwamba sikuweka sheria yoyote kabla, kwamba nilikaa na ile michirizi jioni baada ya jioni nikiifuta mmoja mmoja kwa jicho, na kwamba kila nilipofuta, kilima cha pili kiliinuka kidogo, nami nikapenda kukiona kikiinuka. Hakunikemea. Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu bila kuniuliza, kama ninavyoipenda.

Siku hiyo nilishuka Rongo, nikatafuta mahali pa kuketi penye mtandao, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba makala isitumwe. Nilijua nitapoteza ile nafasi ya kusimama mbele ya wataalamu, na niliipoteza. Mwenzangu mmoja wa maabara, ambaye jina lake lilikuwa kwenye makala ile, hakusema nami kwa majuma. Tukaandika sheria ya kuchagua michirizi kwanza, tukaifungia, tukapima upya tangu mwanzo. Kilima cha pili bado kipo. Ni kifupi kuliko nilichokuwa nimekijenga, na ubavuni mwake kuna kitu kipana, kama tuta, ambacho nilikuwa nimekifuta chote. Mpaka leo sijui ni nini. Msimamizi wangu anasema huenda hilo tuta ndilo jambo la maana kuliko vilima vyote viwili.

Desemba nikarudi tena. Madam alikuwa ananingoja na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Barua kwa profesa wake wa zamani. Alitaka niichape na kuituma kwa barua pepe, kama yule mzee bado anaishi. Nilitafuta, nikaona anaishi, amestaafu kama yeye. Nikachapa. Mahali alipoandika "nilificha sahani", nikapendekeza tuseme "nilikuwa bado kijana na sikuelewa vizuri".

"Futa hiyo," alisema. "Nilielewa."

Tukaituma. Nikaenda zangu Kosele kwa mama, Krismasi ikapita. Siku ya tatu baada yake jibu likaingia. Nililisoma nimesimama kati ya mafungu ya sukuma wiki ya mama, kisha nikalisoma tena. Sikutaka kumsomea kwa simu. Nikaenda Migori asubuhi ileile.

Alikuwa barazani. Aliponiona hakuwa na haja ya kuuliza; akaketi wima, mikono magotini, kama mtu anayengoja hukumu aliyoiomba mwenyewe. Nikamsomea, nikitafsiri polepole. Profesa alisema alijua. Juma lile Madam aliposafiri, alifungua kabati kutafuta kitu kingine akazikuta sahani zote, kila moja na lebo yake, na tarakimu zake zimeandikwa kwa unadhifu nyuma. Akazirudisha kabatini, na mpaka leo anazo. Mwaka uliofuata akachapisha makala jinsi ilivyokuwa. Alisema amekuwa akiishi na jambo hilo, kwamba alidhani Madam hatataka kusumbuliwa, kwamba anaomba radhi.

Nikamaliza. Nilitarajia machozi. Nilitarajia aseme asante Mungu, mzigo umetua.

"Ang'o?" alisema. Nini? Kisha kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba anajaribu kila neno kabla ya kulikanyaga: "Alizikuta. Kabla ya kuchapisha."

"Ndiyo, Madam."

"Mimi nikaacha masomo. Nikadanganya juu ya mama yangu. Nikakaa miaka yote hii nikidhani mimi peke yangu ndiye ninayejua." Alisimama. Sijawahi kumwona hivyo, si darasani, si langoni siku alipohamishwa. Uso ulikuwa mtupu kabisa, macho yakiniacha, kisha yakinirudia. "Na yeye alikuwa anajua. Amekaa kwenye kile kiti, anafundisha watoto wa watu, anajua."

Akatembea mpaka mwisho wa baraza, akarudi. Niliogopa ataanguka. Nikamshika kiwiko, akauondoa mkono wangu kwa upole.

"Fungua hiyo kompyuta."

"Tumjibu?"

"Yeye tutamwambia baadaye. Andika kwa jarida. Waambie makala ile isitegemewe, na sababu yake, na sahani zilizoachwa ni ngapi. Anazo, atazihesabu." Alivuta kiti, akaketi karibu nami kiasi kwamba bega lake liligusa langu, akavaa miwani. "Chini weka majina mawili, langu na la profesa. Langu liwe la kwanza."